Waya Kwenye Kaburi la Mgomba

Redio ilipogonga yenyewe mara ya kwanza, betri yake haikuwemo nyumbani. Ilikuwa imefungwa nyuma ya baiskeli ya Kagaruki, njiani kwenda Muleba kuchajiwa, na mkewe Theopista alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anamenya ndizi za jioni. Akasikia mlio: taa, ti-ti. Akadhani ni mjusi, akamenya ndizi nyingine. Taa, ti-ti. Ilitoka chumba cha mbele, pale sanduku la mbao la redio lilipofunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto aliyelala.

Mjusi hagongi kwa mpango. Theopista aliinuka na kisu chake mkononi, akaenda kuchungulia. Waya mbili za betri zilikuwa zinaning'inia, hazijagusa kitu. Vile vichupa vya kioo vya ndani, ambavyo redio ikiwashwa huwa vyekundu kama makaa, vilikuwa vyeusi na baridi. Na hedifoni iliyotundikwa kwenye msumari ilikuwa inadondosha maji.

Si mengi. Tone moja, likatulia, likaja lingine. Aliligusa, akanusa kidole: tope la ziwa na magamba ya samaki. Paa lilikuwa la bati lisilovuja, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Alipiga deki, akarudi kwenye ndizi zake. Kuna mambo ambayo mtu akiyasema anakuwa ameyakaribisha ndani.

Huyo Kagaruki alikuwa mwanamume wa namna yake. Wapo wanaooa wake wawili, na wapo wanaooa mke mmoja na redio, na hawa wa pili ndio wanaochosha zaidi, maana mke mwenza wa mbao humpigi kijembe akasikia. Vitani Burma walimfundisha simu ya upepo, ile ya kuzungumza kwa kugonga herufi. Wenzake walirudi na makoti na saa za mkononi, yeye akarudi na ugonjwa wa kugonga vidole: mezani, ubavuni mwa ng'ombe, hata kanisani kwenye benchi mpaka padri akakatisha mahubiri na kumtazama. Uhuru ulipopatikana akasema sasa nchi ni yetu, na hewa ni yetu, akaanza kuunda redio yake mwenyewe. Haikuwa ya kusikiliza taarifa ya habari kama redio za watu. Yake ilikuwa ya kusema na kujibiwa. Leseni hakuwa nayo na wala hakuona sababu ya kuwa nayo.

Aliyemsaidia alikuwa mwanawe Datius. Baba na mwana walikata makopo ya biskuti wakatengeneza sahani za bati zinazopishana bila kugusana, za kutafutia stesheni. Walisokota waya wa shaba kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, mzunguko kwa mzunguko, na ukilala vibaya mmoja tu, Kagaruki aliufumua wote. Walinunua dainamo kuukuu ya jeshi iliyolia kama mzinga wa nyuki. Kigongeo chenyewe kilikuwa kipande cha msumeno wa chuma uliokatika, na kifungo cha koti juu yake. Nyumba ilinuka risasi ya kuyeyushwa ya kuungia waya, na mboga ya Theopista pia ilinuka risasi, na hakuna aliyemwomba radhi.

Datius alikuwa amekatwa na panga ncha ya kidole cha shahada tangu utoto, kwa hiyo aligonga kwa kidole cha kati, na pigo lake la mwisho daima lilichelewa kidogo.

"Kila mpigaji ana mkono wake," Kagaruki alikuwa akisema. "Hata uwe gizani, hata awe nchi nyingine, kwa mkono unamjua. Kama unavyomjua mtu kwa mwendo."

Waliunda mbili. Kijiji cha ujamaa cha wavuvi kilipoanzishwa kule kisiwani Goziba na kutaka fundi wa injini za boti, Datius alikwenda na redio ya pili ndani ya sanduku la bati. Kila siku, saa ya kumenya ndizi, baba na mwana walizungumza. Na kila walipomaliza, Datius aliongeza kitu cha mama yake. Hakikuwa katika alfabeti ya askari, walikitunga wenyewe, mama na mwana, kwa sababu Theopista hakujua kusoma: tatu za haraka, kimya, kisha moja ya kuchelewa. Maana yake: nimekula. Kagaruki aliinua hedifoni ili mlio ufike jikoni, na Theopista naye aligeuza kisu, akagonga kigoda kwa mpini vivyo hivyo.

"Hakusikii," Kagaruki alimwambia.

"Kwani nimekuambia ananisikia?"

Baadaye wavuvi walisimulia kwamba kulikuwa na siku kambi ile ililala na njaa, upepo umezuia mitumbwi. Hata siku hizo Datius aligonga kwamba amekula.

Alizama Jumamosi Kuu, akija nyumbani kula Pasaka. Boti ilipinduliwa na upepo wa ghafla, wenzake waliokotwa mmoja mmoja, wazima na wafu. Yeye hakuonekana, wala sanduku lake la bati. Walingoja mpaka kungoja kukawa aibu. Ndipo wazee wa ukoo wakasema kifanyike kinachofanywa kwa mtu ambaye ziwa limemnyima mazishi. Wakakata mgomba wa urefu wake, wakauvika lubugo, ile nguo ya gome la mti waliyovikwa marehemu tangu zamani, wakauzika ndani ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, karibu na babu zake. Wanawake walilia mgomba ule kama wanavyolia mtu. Theopista alilia mpaka sauti ikakauka.

Kagaruki alisimama pembeni na mikono nyuma. Hakutupa udongo.

"Mnazika ndizi," alisema. "Mwanangu upepo ulimsukuma Uganda. Wamemfunga. Siku akipata nafasi ya kuwasha redio yake, mimi nitakuwa hapa."

Na akawa hapo, hedifoni masikioni, jioni baada ya jioni. Kiangazi kilipokaza, redio ikaanza kufifia. Redio ya namna ile inataka waya juu mtini na waya mwingine chini ardhini, unaofungwa kwenye nondo, na huo wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, unataka udongo mbichi, maana udongo mkavu haupitishi kitu. Kibanja kizima kilikuwa kimepasuka nyufa. Kagaruki alizunguka akichoma ardhi kwa kijiti kama mtu anayetafuta kisima, mpaka akapata mahali pamoja palipokuwa chepechepe. Mgomba ni maji matupu, hata ukiuzika unakaa na maji yake miezi.

Theopista alimkuta ameinua nyundo.

"Baba Datius. Hapo?"

"Hapa ndipo penye maji."

"Hapo ni kwa mwanao."

"Mwanangu hayumo humu," Kagaruki alisema, akaipiga nondo ikazama bila shida. "Humu mna mgomba."

Na alisema kweli. Humo hamkuwa na mtu, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake.

Basi siku ile ya matone, Kagaruki alirudi kutoka Muleba kabla jua halijazama, akafunga betri, dainamo ikalia. Theopista alikuwa jikoni. Alisikia kigongeo kikijibu haraka haraka, kisha kikakoma, kisha mumewe, mzee aliyezika wazazi wake bila kutoa chozi, akatoa sauti kama ya ndama.

"Mama Datius. Njoo. Njoo usikie."

Alimvalisha hedifoni. Zilikuwa baridi, zenye unyevunyevu. Ndani yake, mbali, nyuma ya mvumo kama wa mvua, mtu aligonga, na pigo la mwisho likachelewa kidogo.

Theopista alikaa sakafuni.

"Ni mkono wake," alinong'ona.

"Ni mkono wake."

Kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa na furaha, na ni afadhali lisemwe hilo lisifichwe. Theopista alivaa gauni lake la kanisani kila saa ya kumenya ndizi. Alimcheka mumewe kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Aliacha kupita karibu na lile kaburi, ili asilione limesimama pale kama mgeni aliyefika siku isiyo yake.

Lakini Datius hakumgongea mama yake. Mazungumzo yalikwisha, mvumo ukabaki, Theopista akangoja na kisu chake, na zile tatu za haraka hazikuja. Akajiambia amesahau. Akajiambia mfungwa ana mengi kichwani.

"Anasemaje leo?"

"Anasema baridi."

"Muulize yuko wapi."

Kagaruki aligonga, akasikiliza. "Anasema, hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Ndivyo anavyosema. Kila nikimuuliza. Hapa, na giza, na Tata, baba yangu, njoo unichukue."

Shaba ya kwenye chupa ilianza kuota ukijani. Ukuta wa nyuma ya sanduku ulitoka jasho, na kiangazi hakijaisha. Harufu ile ya tope na magamba ilitoka chumba cha mbele ikaja jikoni, ikaingia kwenye unga, ikalala kitandani katikati ya mtu na mumewe. Vidole vya Kagaruki vilikunjamana na kuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, na alipotembea kwenye vumbi la uani nyayo zake zilibaki mbichi.

Nathanieli, balozi wao wa nyumba kumi, alipita kuulizia waya ulio juu ya mkaratusi.

"Ta Kagaruki, watu wanasema huo waya unaongea na Kampala."

"Waambie ni wa kuanikia nguo," Theopista alijibu kwa niaba ya mumewe, ambaye hakugeuka hata shingo.

"Nguo zipi hizo, Ma Theopista, zinazoanikwa juu ya mkaratusi?"

"Za warefu. Na wewe Nathanieli tangu upewe nyumba kumi umesahau kwamba ya kwako ina mlango?"

Nathanieli alicheka, akavuta pumzi, akaacha kucheka. "Mmetoa samaki wapi?" aliuliza, na hakungoja jibu.

Jioni hiyo Theopista alikaa karibu na mumewe na kumwambia taratibu, kama mtu anayeomba chumvi: "Muulize kama amekula."

"Swali gani hilo?"

"Langu. Niulizie."

Kagaruki aligonga. Mvumo uliendelea muda mrefu, mrefu kuliko siku nyingine zote, kana kwamba huko upande wa pili aliyeulizwa alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza na kutazama ni nani huyu anayeuliza, na matone yakaongeza kasi kutoka kwenye waya wa hedifoni, yakalowesha bega la Kagaruki na kushuka kifuani, naye hakuyapangusa, alikuwa ameinamisha sikio na kusogeza midomo herufi kwa herufi. Kisha machozi yakamtoka.

"Anasema hajakula," alinong'ona. "Mama Datius, mtoto ana njaa. Anasema atakula tukija."

Theopista hakulia. Kitu kilimshuka kutoka utosini hadi kisiginoni, baridi, na kilipofika chini alikuwa ameshajua. Mtoto wake aliyelala na njaa Goziba akamgongea mama yake kwamba ameshiba, mtoto huyo asingemwambia jambo hilo hata akiwa ndani ya kinywa cha mamba. Mkono ulikuwa wa Datius, pigo la kuchelewa lilikuwa la Datius. Mwenye kuutumia mkono ule hakuwa Datius.

Asubuhi alipanda basi kwenda Kamachumu, kwa bibi mmoja aitwaye Kokushubila, Mlutheri wa kwaya siku ya Jumapili na mtu wa mambo mengine siku zilizobaki. Bibi alikuja naye mchana uleule, akitafuna kahawa, akilalamika njia nzima kuhusu magoti yake. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kaburi, akatazama nondo, akafuata waya kwa macho hadi dirishani.

"Nani alichomeka hii?"

"Mimi, waitu," Kagaruki alisema.

"Ulisoma wewe?"

"Kidogo. Jeshini."

"Inaonekana." Alitema ganda la kahawa. "Sikilizeni. Mlichimba nyumba, mkaiombolezea, mkaiita kwa jina la mtu, na mwenyewe hamkumtia ndani. Mgomba unashikilia mlango mpaka uoze, na wakati huo wafiwa wote wawe wameshakubali, na nyumba inajifunga. Hapa mmoja hakukubali. Kisha akachomeka chuma mlangoni na kuvuta waya mpaka masikioni mwake. Ziwa lina wenyewe, na wana njaa kila siku. Mmoja alimchukua mtoto wenu, akachukua na mkono wake, na sasa amepata nyumba yenye simu."

"Ni mwanangu anayesema," Kagaruki alisema kwa sauti ndogo.

"Ni jini anayesema kwa mkono wa mwanao. Atatoka leo, na si kwa kuchinja kuku. Aliyechomeka ataing'oa kwa mkono wake, na akiing'oa aseme mbele ya udongo huu kwamba mtoto amekufa. Basi. Sina dawa nyingine. Na baada ya hapo chochote kitakachogonga, popote kitakapogonga, mtu asijibu. Kujibu ni kufungua."

Kagaruki alipiga magoti. Aliishika nondo kwa mikono miwili. Theopista alipiga magoti upande wa pili.

"Sema, Baba Datius."

"Datius," Kagaruki alisema. "Datius ame..."

Kuku waliacha kuparua. Majani ya migomba yalining'inia bila kutikisika.

"Ame..." Alimtazama mkewe kama mtu aliyezidiwa na mzigo katikati ya njia, asiyejua pa kuutua. "Datius amechelewa," alisema.

Akaachia nondo.

Bibi Kokushubila aligeuka, akashika njia. Hakumfokea, na hilo lilimtisha Theopista kuliko kufokewa. "Mlinde," alimwambia walipoachana barabarani. "Asilikaribie ziwa. Pengine kesho atasema."

Kesho yake ilikuwa siku ya shamba la ujamaa. Nathanieli alipita na filimbi yake, kila nyumba itoe watu, na asiyetokea anaandikwa. Theopista alisema mumewe ni mgonjwa, atakwenda yeye. Alimfungia Kagaruki chumbani kwa kufuli, akachukua jembe. Alipalilia pamba ya kijiji huku akitazama upande wa nyumbani kila alipoinuka, akaondoka kabla ya wengine bila ruhusa, Nathanieli akimpigia filimbi mgongoni.

Kufuli lilikuwa mahali pake. Dirisha lilikuwa wazi. Sufuria ya ndizi alizoacha zimepikwa ilikuwa tupu, na majani ya mgomba yalikuwa yamekatwa, ya kufungia chakula cha safari. Hedifoni hazikuwepo, waya wake umekatwa. Uani, kwenye vumbi kavu, nyayo mbichi zilitoka, zikapita kando ya kaburi, zikashuka kwenye njia ya ziwani.

Theopista alikimbia. Alikimbia akiwa na miguu ya mwanamke aliyezaa na kulima na kubeba maji miaka yote, akateremka genge akishika nyasi, akiita jina la mumewe, lile la ujana ambalo hakuwa amelitumia tangu wawe baba na mama wa mtu, na alipofika ufukweni akakuta wavuvi wawili wamesimama wanatazama maji, na mmoja akamwambia, mama, mzee alichukua mtumbwi wetu, tulimwita hakugeuka, alikuwa na kitu masikioni na kifurushi kifuani, alipiga kasia mpaka pale, pale unapoona, kisha akasimama wima kama mtu anayepokea mgeni, akanyoosha mikono na kile kifurushi, na ziwa lilikuwa limetulia, mama, halikuwa hata na wimbi.

Mtumbwi uliokotwa. Majani ya mgomba yaliokotwa yakielea, yamefunguliwa vizuri, matupu.

Wazee wa ukoo walikuja tena na panga. Theopista aliwazuia kwenye njia ya kibanja.

"Mtu asikate mgomba wangu," alisema. "Sichimbi nyumba nyingine."

Aliing'oa nondo mwenyewe. Ilitoka laini kama kijiko kwenye uji, ikiwa inatiririka. Akasimama juu ya udongo akasema, bila kupandisha sauti, "Datius amekufa. Kagaruki amekufa." Kisha akaingia ndani akachukua mchi, akaipiga ile redio mpaka vichupa vikawa unga, sahani za makopo zikakunjamana, na waya uliosokotwa kwa uvumilivu wote ule ukafumuka sakafuni. Betri alimpa Nathanieli aitumie apendavyo. Harufu ilikwisha. Ukuta ukakauka. Mvua za Novemba zikaja na senene wake, wale panzi wa kukaangwa, watoto wa jirani wakamletea bakuli, akala wachache, akasema wana chumvi nyingi.

Ilikuwa jioni ya kawaida. Alikuwa mlangoni mwa jiko, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi mbili tu maana mtu mmoja hamalizi zaidi, anazitumbukiza kwenye beseni la maji. Maji yakatetemeka. Akadhani ni gari barabarani. Yakatetemeka tena, na kutoka ndani yake ikapanda harufu ya tope na magamba, na mgongo wake ukajua kabla ya masikio.

Tatu za haraka. Kimya. Kisha moja, ya kuchelewa.

Nimekula.

Theopista alijua ni nani aliyekula, na alijua ameliwa nani. Alikumbuka pia maneno ya bibi wa Kamachumu, yote, na sauti aliyoyasemea. Lakini mkono ule ulikuwa wa mwanawe. Tangu Ijumaa Kuu hakuwa ameusikia ukimwambia neno hilo, na alikuwa amelisubiri kila jioni ya Mungu.

Maji yakatulia, kama mtu anayengoja kujibiwa.

Theopista alitazama chini, akaona kisu kimeshageuka mkononi mwake, mpini umeelekea kwenye kigoda.